Utafiti wa soko kwa ajili ya programu ya bei za dagaa Kigoma: takwimu za laini zinatosha?

MsanidiWaUjiji (mleta mada)

Wadau, habari za kazi. Mimi ni mtengenezaji wa programu za simu hapa Kigoma Mjini, na kwa sasa ninaandaa programu itakayowaonyesha wachuuzi wa dagaa na migebuka bei ya siku katika mialo (mahali boti za uvuvi zinaposhusha samaki) ya Kibirizi na Katonga, pamoja na bei ya kununulia katika masoko ambako mzigo hupelekwa kwa treni au kwa lori, hasa Tabora. Ndugu aliye tayari kuweka fedha amenitaka nimletee kwanza utafiti wa soko, na sioni ubaya katika sharti hilo.

Nimeanza na taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambazo huonyesha idadi ya laini kwa kila mtandao na kwa kila mkoa, nikaziweka kando ya Sensa ya 2022 iliyohesabu watu 2,470,967 mkoani Kigoma na 3,391,679 mkoani Tabora. Kwenye karatasi soko linaonekana pana. Kisha nikaandika dodoso fupi na kulipitisha mwaloni. Swali kuu lilikuwa: "Je, ungependa kutumia programu ya simu inayokuonyesha bei ya dagaa kila siku?" Karibu wote wamejibu ndiyo.

Ningependa kujua kwa wenye uzoefu kama takwimu hizo na dodoso hilo vinatosha kukadiria idadi ya watumiaji, na kama nifanye programu ya Android peke yake au nifikirie njia nyingine.

FundiMwanga

Ndugu mleta mada, mimi ni fundi wa simu hapa Mwanga, kwa hiyo nitazungumzia kile kinachopita mezani kwangu.

Usihesabu simu janja kwa jumla. Hesabu simu janja zenye nafasi. Simu nyingi ninazoletewa na wachuuzi na bodaboda ni Tecno, Itel na Infinix, zote za kampuni moja ya China iitwayo Transsion, yenye makao yake Shenzhen, na nyingi katika hizo ni za bei ya chini, zenye hifadhi ndogo na RAM ndogo. Baadhi hutumia Android Go, yaani toleo ambalo Google ililitangaza mwaka 2017 mahususi kwa simu za namna hiyo. Mteja huja akilalamika kwamba simu "imekuwa nzito". Nikifungua sehemu ya hifadhi ninakuta imejaa hadi ukingoni: video za harusi, sauti za makundi ya WhatsApp, picha zile zile zilizotumwa mara tatu na watu watatu, na nakala za nyimbo. Ninafuta mbele ya macho yake huku akinionyesha ipi ibaki. Ikifika zamu ya programu, huondoa ile asiyoikumbuka ilivyoingia. WhatsApp haiguswi, na programu ya fedha haiguswi. Yako itakuwa ya tatu kwenye foleni, na hiyo ndiyo ya kwanza kufutwa.

Kwa hiyo katika dodoso lako usimuulize mtu kama ana simu janja. Mwombe, akikubali, akufungulie sehemu ya mipangilio, uandike toleo la Android, nafasi iliyobaki na idadi ya programu alizopakua mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache, na utapata picha ambayo hakuna taarifa ya kitaifa itakupa. Angalia pia kioo. Simu yenye kioo kilichopasuka upande wa chini haiwezi kubonyezwa kitufe kilichowekwa upande huo, na wabunifu wengi wa Dar es Salaam huweka vitufe vyote muhimu huko huko.

TakwimuKitete

Nachangia kutoka Tabora, kama mtu aliyefanya kazi ya ukusanyaji wa takwimu kwa muda mrefu.

Taarifa za TCRA ni nzuri na ninazitumia, lakini zinahesabu laini, hazihesabu watu. Laini huhesabiwa kuwa hai ikiwa imetumika ndani ya miezi mitatu, na mchuuzi mmoja anaweza kuwa na ya Vodacom kwa ajili ya M-Pesa, ya Halotel kwa ajili ya bando au kwa sababu ndiyo inayoshika vizuri kijijini kwake, na ya Airtel kwa ajili ya wateja wake wa nje ya mkoa. Ukigawanya laini kwa watu wa sensa unapata uwiano usiokuambia ni nani asiye na simu kabisa, na katika biashara yako huyo ndiye wa kwanza kumjua. Pia laini iliyosajiliwa Kigoma haimaanishi mtumiaji anayelala Kigoma, wala mtumiaji wa Kigoma hatumii mnara wa Kigoma kila wakati. Katika vijiji vya mpakani kama Kagunga simu inaweza kunasa mnara wa Burundi, na mtu akazima data ili asikatwe fedha. Kwa takwimu zinazouliza watu wenyewe, tafuta utafiti wa FinScope wa mwaka 2023, ambao unahusu huduma za fedha lakini unagusa matumizi ya simu, kisha uusome kama mandhari ya nyuma tu. Soko lako ni mialo michache na masoko machache, na hilo utalipima kwa miguu.

Kuhusu dodoso, sitaficha: swali lako halipimi chochote. Mtu aliyeulizwa na kijana mwenye adabu, aliyesimama juani na karatasi mkononi, kama angependa kitu kizuri cha bure, atajibu ndiyo, hata kama nia yake ni kukuruhusu uende ukapumzike. Muulize alichofanya, usimuulize atakachofanya. Mara ya mwisho alipouza mzigo, bei aliijuaje? Alimpigia nani? Vocha ilimgharimu kiasi gani? Je, kuna safari ambayo alifika sokoni akakuta bei imeshuka, na alifanya nini? Kama hakumbuki hata mara moja kupata hasara kwa kutojua bei, basi tatizo unalotaka kulitatua si lake, na huo ni ugunduzi wenye thamani kuliko ndiyo mia.

Jambo la mwisho ni msimu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Mtafiti aliyekusanya majibu mwezi Juni mwaka huo na yule aliyekusanya mwezi Oktoba wangeandika ripoti mbili zisizofanana kuhusu watu wale wale. Huku kwetu hali ni hiyo hiyo kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua: fedha huingia wakati wa masoko ya tumbaku, na maduka ya simu huchangamka wakati huo. Ukimuuliza mtu uwezo wake wa kununua simu nje ya msimu atakupa jibu la njaa.

MsanidiWaUjiji

Ndugu TakwimuKitete, nimekuelewa vizuri, na swali hilo ninaliondoa. Ila nina jambo moja la kuuliza: wachuuzi wengi niliowaona Kibirizi wana simu mbili, kitochi (simu ndogo ya vitufe) na simu janja. Nilichukulia kwamba kitochi ni cha akiba tu. Je, ni hivyo?

MamaDagaaKibirizi

Mwanangu, kitochi si cha akiba. Hicho ndicho cha kazi.

Boti zinafika alfajiri. Wakati huo mikono yangu ina maji, magamba na mafuta ya samaki, na kioo cha simu janja hakisikii kidole chenye maji. Ukibonyeza hapa kinafunguka pale. Kitochi kina vitufe, ninakishika ndani ya mfuko wa nailoni, ninabonyeza bila hata kukiangalia, na chaji yake inamaliza siku kadhaa. Simu janja ninaiacha nyumbani kwa binti yangu, au iko kwenye mkoba, na ninaitumia jioni nikishaoga. Sasa wewe unataka kunionyesha bei kwenye simu ambayo saa ya bei haiko mkononi. Hilo lifikirie kwanza.

La pili ni kuhusu bei yenyewe. Mimi bei ya Tabora ninaijua kwa kumpigia mteja wangu wa huko, ambaye tumefanya biashara tangu watoto wake wakiwa wadogo. Akiniambia bei, ananiambia pia kama mzigo wa mwenzangu umeshafika, kama mvua imezuia wanunuzi, na kama yeye mwenyewe atachukua kwa mkopo au kwa fedha taslimu. Programu itaniambia namba moja, bila kunieleza nani ameisema. Je, ni dalali? Madalali wana sababu zao za kutangaza bei ya chini asubuhi. Ukitaka nikuamini, nionyeshe bei imetoka kwa nani na saa ngapi, tena dagaa wa namna gani, maana waliokaushwa kwenye vichanja na walioanikwa mchangani hawauzwi bei moja hata siku moja.

Kuhusu kulipia, usiniwekee ada ya mwezi. Ziwa likifungwa, au katika siku za mbalamwezi ambapo taa haziwavuti dagaa na wavuvi wengi wanapumzika, nitalipia nini? Na usisahau tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021. Waliipunguza baadaye mwaka ule ule, lakini kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tumesharudi kubeba fedha mkononi, pamoja na hatari yake. Mtu wa mwaloni anajua kukokotoa makato kuliko unavyodhani.

AsaliNaMsimbo

Shikamoo, Mama. Mleta mada, mimi pia ni msanidi programu, niko Tabora na ninafanya kazi na vikundi vya wafuga nyuki. Baada ya maelezo ya Mama, swali la Android au njia nyingine limejibiwa nusu. Nitajaribu kulijibu nusu iliyobaki.

Kwa saa ya alfajiri unahitaji kitu kinachofanya kazi kwenye kitochi, na hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni menyu ya USSD, yaani ile inayofunguka ukipiga namba yenye nyota na reli, ambayo wachuuzi wameizoea tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008. Hakuna mfanyabiashara asiyejua kupiga *150*00# au *150*60#. Faida yake ni kwamba haihitaji bando wala nafasi kwenye simu. Hasara yake ni kwamba msimbo huombwa TCRA, kisha utalazimika kuelewana na kila mtandao peke yake, jambo linalochukua muda na fedha ambazo mradi mchanga huenda hauna. Ukurasa mmoja wa USSD pia hauzidi herufi 182, kwa hiyo maelezo anayoyataka Mama kuhusu nani amesema na saa ngapi itabidi uyabane sana. Ya pili ni ujumbe mfupi wa herufi 160, unaotumwa kwa waliojiandikisha, kila asubuhi mara moja. Mimi ningeanza na huo, kwa sababu unaweza kuujaribu hata kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu: chagua wachuuzi wachache, watumie bei kwa mkono wako mwenyewe kila alfajiri, kisha siku moja usitume. Watakaokupigia simu kuuliza bei iko wapi ndio soko lako. Wasiopiga, waandike pia.

Programu ya Android iwe ya jioni, kwa ajili ya kumbukumbu za mauzo, madeni na mwenendo wa bei wa wiki. Ihifadhi taarifa ndani ya simu na isawazishe pale mtandao unapopatikana, na ukubwa wake uwe mdogo kiasi kwamba FundiMwanga hatakuwa na sababu ya kuifuta.

Kuna sharti la Google Play ambalo linaweza kukusaidia katika utafiti huu. Kwa akaunti binafsi za wasanidi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, huwezi kuchapisha programu kwa umma kabla ya kuijaribu na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Hapo mwanzo walitakiwa 20. Wasanidi wengi hulikwepa sharti hilo kwa kuwasajili marafiki wa chuo ambao hawajawahi kununua hata kisado cha dagaa. Wewe wachukue wachuuzi wenyewe, wa Kibirizi na wa soko la Tabora, uone wanafungua nini na wanaacha nini.

Na kwa kuwa utaandika namba za simu za watu, isome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jisajili kwa Tume husika, mweleze kila mtu namba yake itatumika kwa kazi gani, na akitaka ifutwe uifute. Mshirika wako mwenye fedha atauliza hilo, na kama hatauliza, mwambie wewe.

MsanidiWaUjiji

Nawashukuru nyote. Nimeamua kuahirisha programu na kuanza na ujumbe mfupi wa alfajiri, nikiandika kando ya kila bei jina la aliyeitaja, kama amekubali, pamoja na aina ya dagaa. Dodoso nitaliandika upya kwa maswali ya mauzo ya mwisho, na nitaomba kufunguliwa mipangilio ya simu kama alivyoshauri Fundi. Mama, naomba unielekeze siku ambazo naweza kuja mwaloni bila kuwasumbua.

MamaDagaaKibirizi

Njoo siku za mbalamwezi. Tunakuwa tumekaa tunashona magunia na kupanga madeni, na tutakujibu kwa utulivu.

TakwimuKitete

Aende siku hizo, na arudi tena siku za giza zisizo na mbalamwezi, dagaa wakiwa wengi, awaulize watu wale wale maswali yale yale. Majibu yakipishana, aandike yote mawili pamoja na tarehe zake.