Nje anasifiwa na kila mtu, ndani ni mtu mwingine: huyu ni saikopathi au mkorofi tu?

Binti wa Kati:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba msinijibu kwa utani, maana swali hili ni la dada yangu.

Shemeji yangu huko nje ni lulu. Kwenye msiba ndiye anayebeba viti, kazini ndiye anayekumbuka mtoto wa nani anaumwa. Mama yetu mwenyewe hawezi kumtaja bila kumwombea dua. Nilipoenda kukaa kwao ndipo nikajionea. Alikuwa anamfokea dada, mishipa ya shingo imemsimama, kashika kiti kama anayetaka kukirusha. Simu ikaita. Akatazama jina, akapokea: "Mzee wangu! Sasa hivi tu nilikuwa nakuwaza." Sauti asali, na kicheko juu. Akaongea, akaaga vizuri, akaiweka simu mezani, akaendelea kufoka kuanzia neno lile lile alilokuwa amelikatiza. Nywele zilinisisimka.

Dada akilalamika, watu wanamwambia anadeka. Hawa ndio wanaoitwa masaikopathi, yaani watu wasioguswa na maumivu ya wenzao wala kujuta? Na sura yake ya kweli ni ipi?

Mzee wa Mafaili:
Pole sana mwanangu. Mimi nimestaafu, lakini kazi yangu ilikuwa kuwahoji wafungwa walioomba kutoka kabla ya muda wao. Watu wa namna hiyo nimekaa nao meza moja.

Hiyo simu imeshakujibu nusu ya swali. Mtu ambaye hasira imemshinda haizimi kwa sababu tu kaona jina la mkubwa wake. Anayeweza kuizima na kuiwasha anaitumia, na upole nao anautumia vivyo hivyo. Ndiyo maana mimi siulizi sura ya kweli ni ipi. Zote ni zake. Nauliza huyu anayetendewa ana nini cha kumpa, au anaweza kumfanya nini. Dada yako hana cha kumfanya, ndiyo maana anapata yale makapi.

Mwaka 1941 daktari wa akili wa Marekani, Hervey Cleckley, aliwaeleza wagonjwa wa aina hii: wacheshi, wanaongea kwa mpangilio, huoni wazimu wowote, ila kwenye majuto na mapenzi ni pakavu. Baadaye Robert Hare wa Kanada akatengeneza kipimo chenye vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2. Huko kwao anayefikisha 30 kati ya 40 ndiye huhesabiwa saikopathi. Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui: kipimo hicho hakifanywi kwa mazungumzo peke yake. Lazima kuwe na kumbukumbu za maisha yake na maneno ya watu wengine, kwa sababu kwenye mazungumzo atakushinda.

Kuna kijana mmoja alinichekesha mahojiano mazima. Aliniona nakaa kwa tabu, akaniuliza mgongo unaniuma tangu lini. Faili lilisema aliuza nyumba ya mama yake wakati mama kalazwa hospitali. Nilipomgusia, hakushtuka wala hakukasirika. "Mama hajui kutunza mali," akasema, kisha akarudi kwenye mgongo wangu na dawa ya kuchua. Kwa hiyo wanaosema hawa hawatambui maumivu ya wenzao wanakosea. Wanayatambua sana, ila hayawagusi.

Mpenda Ubishi:
Mzee shikamoo, lakini siku hizi kila mume mkorofi ni saikopathi. Tutabaki na wangapi?

Mzee wa Mafaili:
Marahaba. Hapo nakuunga mkono. Makadirio ya kawaida ni kama mtu 1 katika 100, na hata magerezani, ambako ni wengi zaidi, si wengi wa wafungwa. Wapo wanaotesa wake zao kwa pombe, kwa wivu, au kwa sababu ndivyo walivyoona kwa baba zao. Tena mwongozo rasmi wa madaktari wa akili wa Marekani hauna ugonjwa wenye jina hilo. Jina tuwaachie wenye kazi yao; kipigo kinauma vilevile.

Mpita Njia:
Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Someni habari za Dennis Rader wa Kansas. Aliua watu 10 kati ya 1974 na 1991, huku ana mke na watoto, na alipokamatwa 2005 alikuwa mwenyekiti wa baraza la kanisa lake. Kilichomponza ni diski aliyowatumia polisi, ndani yake kukakutwa jina la kanisa na "Dennis". Alikuwa amewauliza kama diski inaweza kufuatiliwa, wakamjibu haiwezi. Alipokamatwa akalalamika kwamba wamemdanganya! Yeye!

Binti wa Kati:
Asanteni. Sasa dada amwambie nani, na aseme nini, maana hakuna anayemwamini?

Mzee wa Mafaili:
Kwanza asitumie neno saikopathi. Akilisema, watu wataanza kubishana kuhusu neno na kusahau matendo. Aseme alichofanyiwa, lini, nani alikuwepo. Aandike na kuhifadhi mahali ambapo mume hafiki. Kwako, kwa mfano, pamoja na nakala za vyeti vya watoto. Usuluhishi wa kuwakalisha wote wawili sebuleni mwa wazee siushauri. Pale mume atang'ara, dada atalia, na anayelia ataonekana ndiye mwenye matatizo. Amwone mshauri peke yake.

Akiamua kuondoka asitangaze, wala asimtishie nako. Kipindi cha kuachana ndicho hatari kuliko vyote, kwa hiyo ajue mapema atalala wapi na nani atamchukua. Na wewe ukiona shemeji ameanza kukujulia hali kila asubuhi, ujue kuna kitu anatafuta. Mjibu kama ulivyozoea kumjibu, kwa ufupi, na usimtajie dada yuko wapi.