Nyiragongo kwa mwenye miaka 52: mlima kwanza au ziwa kwanza?

Mama Bahati, Bukavu
Jambo wote. Najua kwa sasa hakuna kupanda Nyiragongo, volkano yetu ya pale Goma, lakini siku njia ikifunguliwa sitaki ndipo nianze kuuliza. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilinikuta Goma na tumbo la miezi minane. Tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, na godoro moja na sufuria ya maharagwe ambayo hayajaiva. Tuliporudi, nyumba ilikuwa jiwe. Yule wa tumboni sasa ni kijana, anataka tuchungulie wote mdomo wa huo mlima, kisha tulale usiku mmoja kisiwani Tchegera, katika ziwa Kivu. Mazoezi yangu ni kupanda na kushuka vilima vya Kadutu, hapa Bukavu, tu. Nitafika? Na tuanze na lipi?

Mbeba mizigo wa Kibati
Mama, utafika. Nimebebea watu mizigo pale miaka mingi, na wengi walioshindwa mbele ya macho yangu walikuwa vijana. Wanakwenda mbio chini msituni, njia ikiwa bado ya upole, wakifika kwenye mawe pumzi imekwisha. Kibati, njia inapoanzia, iko karibu mita 2,000, juu ni 3,470. Ni kilomita nane hivi, lakini mwendo wa saa tano, hata sita. Tembea kama unakwenda matanga na wazee wenzako.

Miguu si tatizo, tatizo ni viatu. Lava ya 2002 imeacha mawe makali yasiyotulia, ukikanyaga moja linaondoka na wewe. Kuna bwana nilimbebea, amekuja na raba mpya nyeupe kabisa. Kabla ya nusu ya njia soli ya kushoto ilikuwa inapiga makofi. Tukaifunga kwa kamba ya mzigo wangu, begi lake nikalikumbatia kama mtoto hadi juu. Njoo na buti ulizozizoea, na fimbo.

Halafu baridi. Ukifika juu, kabla hujakaa, vua nguo yenye jasho uvae kavu. Ndiyo, mbele za watu, kitenge kitakusitiri. Wengi wanakaa kwanza kupiga picha, nusu saa baadaye meno yanagongana na mimi ndiye ninayetafuta makaa ya kuwasha.

Mtu akikuahidi ziwa jekundu la moto, mwulize alipanda lini. Lile tulilolizoea lilimwagika Mei 2021, mlima ulipopasuka tena. Zamani nilikuwa naliona kila wiki, na hadi leo usiku natoka nje kutazama kule juu, kwa mazoea tu.

Anzeni na mlima. Magoti yanauma siku ya kushuka, na ukiwa tayari kwenye maji utayasahau.

Dada wa Kituku
Mimi naongea juu ya ziwa tu. Tchegera ni ukingo wa volkano ya zamani uliobaki juu ya maji, umekaa kama mwezi mchanga. Kivu haina mamba wala kiboko, watoto wanaogelea. Cha kuogopa huku kwetu ni mazuku: gesi nzito inayotoka ardhini na kutuama mashimoni, haina rangi, na mbaya zaidi ni usiku na alfajiri upepo ukiwa umelala. Upande wa Sake utakuta mbuzi amelala bondeni kama anayepumzika. Usiteremke kumchukua! Kwa hiyo popote kando ya ziwa msitandike shimoni kwa sababu pana kivuli na upepo haufiki. Pale upepo usipofika ndipo penyewe. Laleni palipoinuka.

Na mbebe sambaza kavu, vile visamaki vya Kivu, mama, chakula cha kisiwani kina bei ya kisiwani.

Mama Bahati, Bukavu
Aksanti sana, nimeandika yote kwenye daftari. Sasa nifanyeje, kijana ameshanunua raba. Nyeupe.

Mbeba mizigo wa Kibati
Basi aje na kamba yake.