Mrejesho: michezo ya timu ndani ya darasa

Walimu wenzangu, niliomba michezo ya timu ya kuwachangamsha watoto wa darasa la nne mvua zikitufungia ndani, na darasa lenyewe limejaa madawati. Mbio za ubaoni zimetia fora! Kila safu ni timu. Mtoto anakwenda ubaoni, anajibu swali moja la kuzidisha, anarudi kumkabidhi mwenzake chaki. Anayefuata anaweza kusahihisha jibu lililotangulia badala ya kuandika lake, na utamu uko hapo: safu nzima inaikodolea macho 7 × 8, hata wale wakimya. Mabegi tunayasukuma chini ya madawati kwanza, wasijikwae. Kurushiana mpira wa karatasi kuliwachosha mapema. Mwalimu uliyependekeza chaki, asante sana. Wiki ijayo tunahamia kwenye ngeli.