Kujiunga dakika moja, kujitoa wiki mbili: ni ujanja wa biashara au ni wizi?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Naleta hoja ambayo imenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Naomba tuijadili kwa utulivu, maana najua humu kuna wanunuzi na kuna wauzaji.

Mama yangu ana miaka 69 na magoti yanamsumbua. Aliona tangazo la programu ya mazoezi kwenye simu: "Jaribu bure siku 7". Akaweka namba za kadi, akafanya mazoezi siku mbili, yakamshinda. Akaifuta programu kwenye simu akiamini wameachana. Miezi mitano baadaye nilikuwa namsaidia kupitia taarifa yake ya benki, nikaona kiasi kilekile kinakatwa tarehe ileile kila mwezi. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Yeye hakulijua hilo, na hakuna aliyemwambia.

Tukakaa wote wawili kumtoa. Hakukuwa na mahali palipoandikwa "jitoe". Tukaingia "akaunti", tukaingia "mapendeleo", tukaingia "mpango wako". Hapo tukaulizwa sababu. Tukajibu. Ukaja ukurasa mwingine unatupa punguzo la nusu bei. Tukakataa. Ukaja wa tatu wenye vitufe viwili. Cha kwanza kikubwa, cha kijani: "Nataka kuendelea kutunza afya yangu." Cha pili maandishi madogo ya kijivu yasiyosomeka vizuri: "Hapana, afya yangu si muhimu kwangu."

Mama alisimamisha kidole. Akanigeukia: "Sasa mwanangu, nikibonyeza hiki si nitakuwa nimesema uongo?"

Sijaweza kulisahau swali hilo. Mtu alikaa ofisini, akaandika sentensi ile, akaisoma, akairidhia, akijua kuna watu watakaosita kuibonyeza kwa sababu ni waungwana. Baada ya hapo tuliambiwa ombi letu "linashughulikiwa", na uthibitisho ulikuja baada ya siku kumi na nne. Ndani ya siku hizo alikatwa tena mara moja.

Simlaumu mfanyabiashara kwa kutangaza. Biashara ni matangazo. Bei inayoishia na 99 tunaijua sote, tunajua kwa nini imewekwa, na bado inatushawishi. Hiyo sina ugomvi nayo. Kipimo changu ni kimoja: je, mbinu hii itaendelea kufanya kazi mteja akielezwa waziwazi inavyofanya kazi? Ile saa inayohesabu kurudi nyuma, "ofa inaisha baada ya dakika 10", ambayo ukifungua ukurasa upya inaanza tena kwenye 10, ukimweleza mteja ukweli wake inakufa papo hapo. Kitufe cha kijivu vilevile. Mbinu inayoishi kwa kutegemea nisijue siwezi kuiita ushawishi.

Na wala si mambo ya kubahatisha. Mwingereza Harry Brignull, mbunifu wa kurasa za mtandaoni, alianza kuzikusanya mbinu hizi mwaka 2010 na kuzipa jina, mbinu za giza. Juni 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon, lile duka kubwa la mtandaoni, kuhusu Prime, uanachama wake wa kulipia. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, mtu aliyetaka kujitoa alipitishwa kurasa 4, akabonyeza mara 6 na kukutana na machaguo 15, na ndani ya kampuni njia hiyo iliitwa Iliad, jina la utenzi mrefu wa Homer kuhusu vita vya Troy. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulimaliza shauri kwa dola bilioni 2.5 bila kukiri kosa, bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kuwarudishia wateja.

Ujerumani wenzetu wameweka sheria. Tangu Julai 1, 2022, tovuti inayokuuzia mkataba wa kuendelea kulipa lazima iwe na kitufe cha kujitoa kinachoonekana, kinachosomeka na kinachofikika kwa urahisi. Msimamo wangu ni kwamba kila mahali iwe hivyo: ugumu wa kutoka usizidi ugumu wa kuingia. Nasubiri mnaopinga.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, pole sana kwa mama. Kile kitufe ni aibu, sitakitetea. Lakini mimi nauza mafunzo mtandaoni kwa malipo ya mwezi, na naona unatuchanganya wote kapu moja.

Kumuuliza mteja sababu ya kuondoka kumenisaidia kuliko kitu kingine chochote. Wengi waliandika kwamba video zangu ni ndefu. Nikazikata. Na kumpa punguzo kabla hajaondoka, hiyo ni dhambi gani? Hata mwenye duka ukigeuza mgongo anakuita, "Njoo tuelewane." Mteja akikataa anakwenda zake.

Pili, mtu mzima ni mtu mzima. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" tunaisikia kila siku, na bado hatusomi. Tena wateja nao wana ya kwao: wapo wanaofungua akaunti tano kwa barua pepe tano wasilipe hata siku moja. Mbona hao hamwaiti wezi?

Tatu, sheria zina gharama. Umeitaja FTC. Tume hiyohiyo ilitoa kanuni Oktoba 2024 kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, sawasawa na unavyotaka. Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaitengua yote, kwa sababu tume iliruka hatua ya kutathmini gharama zake kwanza. Kampuni kubwa ina jopo la mawakili. Mimi niko peke yangu na kompyuta.

Mchangiaji wa pili:

Naomba niseme kitu ambacho sijawahi kukiandika popote.

Niliwahi kufanya kazi ya simu, kitengo cha wanaojitoa. Sisi tulikiita kitengo cha kuokoa. Tulipimwa kwa idadi ya tuliowabakiza, na bonasi ilitoka humo. Mbele yangu kulikuwa na karatasi yenye maneno ya kusema, na mteja alitakiwa akatae mara tatu ndipo niruhusiwe kumtoa. Akikataa mara mbili akakaa kimya, unasoma ya tatu. Ukiruka hatua, msimamizi anayesikiliza simu anakukata alama.

Siku moja alipiga mzee. Alitaka kufunga huduma iliyokuwa kwa jina la mke wake. Nikamuuliza sababu, maana ndilo swali la kwanza kwenye karatasi. Akasema mke wangu amefariki wiki iliyopita. Nikatoa pole. Kisha nikatazama karatasi. Haikuwa na sehemu ya msiba. Msimamizi alikuwa kwenye laini.

Nilimsomea ofa. Nilimwambia mzee wa watu kwamba mkewe angepata punguzo la miezi mitatu. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema taratibu, "Binti yangu, hujanisikia."

Nilimaliza mwezi nikaacha kazi. Kwa hiyo ndugu yangu muuzaji, ukisema mteja akikataa anakwenda zake, mimi nakwambia inategemea nani anashika mlango, na analipwa kwa nini.

Mchangiaji wa tatu:

Dawa ninayotumia mimi: nikijiunga na jaribio la bure, najitoa dakika hiyohiyo. Huduma nyingi zinakuacha uendelee mpaka siku za bure ziishe, ila si zote, soma kwanza. Na hifadhi picha ya ukurasa wa uthibitisho. Ukikatwa tena, hiyo picha ndiyo unayoipeleka benki kupinga makato.

Mleta mada:

Dada yangu wa kitengo cha kuokoa, asante. Nimekusoma mara mbili.

Mkuu muuzaji, mawili nakukubalia. Kuuliza sababu si kosa, mradi jibu liwe hiari na kitufe cha kutoka kiwe hapohapo. Na punguzo moja mlangoni nalielewa. Wanaofungua akaunti tano nao wanadanganya, sina pa kuwatetea.

Lakini hili la vigezo na masharti nalikataa. Mama alisoma. Alisoma "bure", iliyoandikwa kwa herufi za ukubwa wa dole gumba. Habari ya kukatwa baada ya siku saba ilikuwa chini kabisa, kijivu juu ya weupe, chini ya kitufe alichokwisha kukibonyeza. Aliyepanga ukurasa ule alijua jicho linaanzia wapi na linaishia wapi. Huwezi kutumia ufundi wote huo ili mtu asisome, halafu ukamlaumu kwa kutosoma.

Rais Kennedy wa Marekani alipolihutubia Bunge lao kwa ujumbe wa maandishi Machi 15, 1962, alitaja haki nne za mlaji: usalama, kujulishwa, kuchagua na kusikilizwa. Ndiyo maana tarehe hiyo inaadhimishwa duniani kama siku ya haki za walaji. Ile ya pili inasema kujulishwa. Maana yake anayeuza ndiye mwenye wajibu wa kusema. Si mnunuzi aende kuchimbua.

Na mahakama ile, kama ulivyosema mwenyewe, iligomea utaratibu uliorukwa. Haikusema kwamba kumzungusha mteja ni halali. Kwa mwenye kompyuta moja, kitufe kimoja kinachosomeka hakihitaji wakili.

Nikuulize moja kwa moja: je, unawatumia wateja wako ujumbe siku chache kabla ya kuwakata, kwamba mwezi unakaribia kuisha na hela itatoka?

Mchangiaji wa kwanza:

Umeniuliza kistaarabu, nakujibu hivyohivyo. Situmi.

Kuutuma naweza, ni kazi ya jioni moja. Sijautuma kwa sababu najua wapo ambao hawajafungua somo hata moja kwa miezi, na siku watakapokumbushwa wataondoka. Nimekuwa nikijiambia kwamba hao wamelipia nafasi, wakitaka kusoma milango iko wazi. Baada ya kusoma habari za yule mzee, maneno hayo hayanikai tena vizuri mdomoni.

Shida ni kwamba washindani wangu nao hawatumi. Nikianza peke yangu, naumia peke yangu, na wao wanabaki na fedha za kutangaza zaidi yangu. Nimepinga sheria hapo juu kwa sababu ya gharama, na kuhusu fomu na ripoti naendelea kupinga. Ila ya ujumbe wa kukumbusha, ikitungwa kwa wote, wakubwa na wadogo, kwa tarehe moja, mimi sitaipinga.