Kupaka rangi filamu za noir na kuzikata zijae kioo: mnaharibu kazi za watu halafu mnatudai hela

Wakuu, heshima kwenu.

Leo nimekuja na povu, nalisema mapema ili asiyetaka apite. Mods nawaomba huu uzi muuache hapa hapa, msiuunganishe na ule wa "muvi kali za wikiendi".

Kuna app moja ya kulipia muvi, jina siweki, mnaoitumia mtaijua. Walitangaza kwa mbwembwe kwamba wameleta hazina ya muvi za zamani za upelelezi na mauaji, zile za nyeusi na nyeupe zenye giza jingi zinazoitwa noir. Mimi hizi muvi ndiyo ugonjwa wangu, nikalipia kifurushi cha mwezi bila hata kuuliza. Nikaanza na Double Indemnity ya Billy Wilder, ya 1944, nikiwa nimeshazima taa na kuweka simu mbali.

Jamani. Wameipaka rangi! Nywele za Barbara Stanwyck zina unjano wa ndizi mbivu. Sebule nzima ni rangi ya chungwa. Halafu wamekata juu na chini ili picha ienee kwenye TV za siku hizi, na wameongeza mwanga mpaka hakuna kona yenye giza. Nikawaandikia. Wakajibu kwamba "wameboresha mwonekano kwa ajili ya mtazamaji wa kisasa". Nikauliza basi ile ya asili iko wapi, maana nimelipa. Wakanitumia jibu lile lile, nukta kwa nukta.

Sasa ngoja niwaonyeshe walichoboresha.

Karibu na mwanzo Walter Neff, wakala wa bima, anafika kwenye nyumba ya Dietrichson, anaambiwa asubiri sebuleni. Ni mchana, madirisha yamefungwa, jua linapenya kwenye vibao vya pazia na kuchora michirizi ukutani. Neff mwenyewe anatusimulia kwa sauti yake kwamba jua lile lilikuwa linaonyesha vumbi hewani. Mpiga picha wa filamu ile, John Seitz, alihangaika kulipata hilo vumbi, akapuliza metali iliyosagwa laini ili chembe zing'ae ndani ya ule mwanga. Ndiyo sababu ukiangalia ile ya asili unaisikia kabisa hewa nzito ya nyumba ambayo kuna kitu hakiko sawa. Kwenye toleo la hawa ndugu zetu, kompyuta imeona vumbi ikadhani ni uchafu wa mkanda, ikasafisha! Kwa hiyo unamsikia Neff anasimulia vumbi, na wewe unatazama sebule safi kama ya dalali anayetafuta mpangaji.

Ruka mpaka karibu na mwisho, sebule ile ile, usiku. Phyllis, mke wa Dietrichson (ndiye Stanwyck), anaficha bastola chini ya mto wa kiti, anazima taa moja moja, anakaa kumsubiri Neff gizani. Kilichobaki ni michirizi ya mwanga kutoka nje. Wewe mtazamaji unajua bastola ilipo na unajua anakuja nani. Toleo "lililoboreshwa" linaonyesha mama wa watu anazima taa, na chumba kinabaki cheupe vile vile. Nilicheka kwa hasira. Anazima nini sasa?

Na hizo nywele, mjue, ni wigi. Wilder alilichagua makusudi lionekane la bei rahisi. Bosi mmoja wa Paramount, kampuni iliyotengeneza filamu hiyo, alipoliona alilalamika kwamba wamemlipa Stanwyck wakaletewa George Washington, yule rais wa kwanza wa Marekani wa kwenye picha za nywele nyeupe. Lakini kwenye nyeusi na nyeupe wigi lile linafanya kazi yake: linang'aa kupita kiasi, unaanza kumtilia shaka huyu dada kabla hajafungua mdomo. Ukilipaka njano, linabaki wigi tu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mkuu, enzi zile rangi haikuwepo, wangekuwa nayo wangeitumia". Futa. Gone with the Wind ni ya 1939 na ina rangi. The Wizard of Oz ni ya mwaka huo huo. Rangi ilikuwepo, ilikuwa ghali, ni kweli, lakini walioitaka kwa habari za mauaji waliitumia. Leave Her to Heaven, 1945: Gene Tierney kavaa miwani ya jua, kakaa kwenye mtumbwi, anamwangalia kijana akizama ziwani bila kunyanyua kasia. Jua kali, maji ya kuvutia, rangi imejaa. Ukatili wa tukio lile unatokana na uzuri wake. Mpiga picha wake, Leon Shamroy, alichukua Oscar ya picha za rangi kwa kazi hiyo.

Mfikirieni na mpiga picha John Alton. Huyu alipata Oscar kwa An American in Paris, ya 1951, kwa zile picha za dansi, rangi tupu. Kwa hiyo rangi aliijua sana tu. Mtu huyo huyo mwaka 1955 akapiga The Big Combo kwa nyeusi na nyeupe, na mwisho wake ni ukungu, taa moja inayozunguka na vivuli viwili vya watu vinavyotoka nje. Hakuna zaidi ya hapo, na huwezi kusahau. Ukiongeza mwanga pale unabaki na studio yenye moshi. Mtu aliyekuwa na Oscar ya rangi kabatini akaamua kutumia giza, halafu kijana mwenye programu ya kompyuta anakuja kumsahihisha akiwa kaburini?

Tuje kwenye kukata. Filamu hizi zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, upana 1.37 kwa urefu 1. TV zetu ni 16 kwa 9. Ukitaka picha ijae bila kuivuta, unatupa karibu robo yake, juu na chini. Kwenye muvi za kawaida labda hutaona. Kwenye noir, ambako kila mwanaume ana kofia, unakata kofia! Nimemwona Robert Mitchum katika Out of the Past akitembea na nusu ya kofia. Na kofia kule si pambo, ndiyo inayotupa kivuli machoni mpaka hujui jamaa anawaza nini. Mwongozaji John Huston katika The Asphalt Jungle anapanga nyuso ndani ya fremu moja, mmoja karibu kabisa chini, mwingine nyuma juu, ili uone nani anamsikiliza nani na nani anapanga kumsaliti. Kata hiyo robo uone kinachobaki. Vipande vyeusi pembeni ya picha vinawaumiza nini jamani? Acheni vikae.

Hapo sijagusa ile setingi ya TV inayolainisha mwendo. Filamu zimepigwa picha 24 kwa sekunde, TV inabuni nyingine za kujaza katikati, Humphrey Bogart anatembea kama yuko kwenye taarifa ya habari. Hiyo angalau unaizima mwenyewe kwenye menyu. Izimeni, tafadhali.

Lililonimaliza kabisa ni hili. App za sasa zimefundishwa kwamba mwisho wa muvi kuna majina marefu ambayo hakuna anayeyasoma, kwa hiyo dakika za mwisho picha inasinyaa pembeni wanakuletea tangazo la muvi nyingine. Muvi za miaka ya arobaini zinaweka majina mwanzoni! Mwishoni ni tukio, neno la kumaliza, basi. Sasa katika Double Indemnity, tangu mwanzo Neff ndiye anayemwashia Keyes, mwenzake wa kazini, sigara, kiberiti anakiwasha kwa kucha ya dole gumba, Keyes hana kiberiti hata siku moja. Mwisho Neff kalala mlangoni anavuja damu, hawezi tena, na Keyes anainama kumwashia yeye. Hakuna kulia. Wilder alishapiga tukio zima la Neff akiuawa kwa gesi gerezani, kwa gharama kubwa, akalitupa kwa sababu kiberiti kile kilitosha. Mimi nilikiona kiberiti kile kwenye kidirisha kidogo pembeni, huku katikati ya kioo naambiwa nijaribu kichekesho cha familia.

(Kabla hamjanirukia kwamba nimewaharibia: muvi yenyewe inaanza na Neff akiungama kwenye kinasa sauti kwamba ameua. Wilder hakuficha. Wanaoharibu ni app hiyo hiyo, ambayo kwenye maelezo mafupi ya Laura imetaja kitu ambacho mwongozaji wake, Otto Preminger, alikificha karibu nusu ya filamu. Silirudii hapa, anayejua anajua.)

Nimesoma na maoni ya watazamaji chini yake. "Muvi mbaya, steringi kafa." Wandugu, tumekulia vibanda vya video tukijua steringi hafi, nakubali, mimi pia. Ila huku sheria ni nyingine. Sunset Boulevard ya 1950 steringi anaelea amekufa kwenye bwawa la kuogelea tangu mwanzo, na ndiye anayetusimulia. Hollywood tangu 1934 walikuwa na kanuni kali za maadili, mhalifu lazima alipe. Waandishi wazuri wakaigeuza hiyo kuwa faida: unajua jamaa hatapona, kazi yako ni kuangalia anavyojikaanga mwenyewe. Na mwingine kaandika "sijaelewa nani alimuua dereva" kwenye The Big Sleep. Karibu chamani! Wakati wanaipiga waliishia kumuuliza Raymond Chandler mwenyewe, aliyeandika kitabu, naye hakujua. Hadi leo dereva yule hana muuaji na muvi inaangaliwa. Ukiitazama noir kama mtihani wa kutafuta muuaji, utakosa raha na jibu pia. Unakaa kwa ajili ya hewa yake, na hewa yenyewe ndiyo hiyo waliyoisafisha.

Hata muvi ya kimaskini inadai heshima hiyo. Detour ya Edgar Ulmer, 1945, imetengenezwa kwa hela ya kuokoteza. New York nzima ni ukungu na nguzo ya taa kwa sababu hawakuwa na hela ya kujenga mtaa. Kuna sehemu wamegeuza picha kushoto kulia, magari ya Marekani yanapita upande wa kushoto kama yako Bagamoyo Road, na steringi anaomba lifti anapanda upande wa dereva. Naipenda sana kwa sababu hiyo hiyo. Ukungu ule ulikuwa akili ya mtu asiye na kitu. Ukiusafisha unamvua nguo hadharani.

Na msidhani ugomvi huu nimeuanzisha mimi. Miaka ya themanini tajiri wa TV wa Marekani, Ted Turner, alinunua maktaba ya filamu ya kampuni ya MGM, akaanza kupaka rangi. Mwaka 1986 wakaipaka The Maltese Falcon, muvi ya huyo huyo Huston. Huston alikuwa mzee, mapafu yameshakwisha, akajitokeza kupinga hadharani. Akafariki 1987. Mwaka uliofuata kituo kimoja cha TV Ufaransa kikataka kurusha The Asphalt Jungle ya rangi, watoto wa Huston pamoja na Ben Maddow, aliyeandika naye muvi hiyo, wakaenda mahakamani Paris. Wakashinda, wakashindwa kwenye rufaa, wakapanda mpaka mahakama ya juu, na mwaka 1991 ikaamuliwa kwamba haki ya msanii juu ya uadilifu wa kazi yake inalindwa Ufaransa hata kama filamu ni ya Kimarekani na hakimiliki iko kwa kampuni. Huko kwao Marekani sheria ya 1988 ilitaka filamu zilizowekwa kwenye orodha ya taifa zikichezewa ziandikwe wazi kwamba zimebadilishwa. Ziandikwe tu! Leo app inachukua hela yangu haina hata ka-lebo.

Sitaki zipigwe marufuku. Anayetaka rangi apewe rangi, kila mtu na macho yake. Wakalimani wetu wa vibandani walikuwa wanaongeza maneno ambayo mwigizaji hakuyasema, tena vichekesho, lakini picha waliiacha ilivyo. Ninachotaka ni kitufe kimoja cha toleo la asili, lebo kwenye lililochezewa, na wazime kile kidirisha cha mwisho kwa muvi zote zilizotengenezwa kabla majina hayajahamia mwishoni. Vinginevyo warudishe hela.

Mwenye kujua zinapopatikana safi kwa halali aweke hapa. Detour ilikarabatiwa upya 2018 kwa umbo lake lenyewe, nimeona vipande tu, nataka nzima. The Third Man pia, ile ya Carol Reed. Kuna pale mlangoni Vienna, usiku, paka yuko miguuni kwa mtu, jirani anawasha taa ghorofani na uso wa Orson Welles unatokea. Nasikia app hii nayo inaileta mwezi ujao. Kwa mwanga wanaouongeza hawa, Welles ataonekana kabla jirani hajawasha taa.