Mjadala: Aliyekwenda kupunguza tumbo nje ya nchi akirudi na matatizo, gharama iwe ya nani?

Chande_K
Wakuu, naleta hoja. Watu wengi siku hizi wanapanda ndege kwenda Uturuki, Meksiko na kwingineko kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Wanalala hospitali siku chache, wanapumzika hotelini kidogo, wanarudi. Tatizo likizuka, daktari aliyeshika kisu yuko nchi nyingine na anajibu kwa ujumbe wa simu, akijibu. Anayebeba mzigo ni hospitali ya umma nyumbani. Matibabu ya dharura apewe bila maswali, hilo silipingi. Lakini zile wiki za baadaye, kufunguliwa upya, kulishwa kwa mrija, vipimo kila kukicha, kwa nini asilipe mwenyewe au bima aliyokata kabla ya safari? Alichagua njia ya mkato, na mkato una gharama zake.

Zuhura_M
Nimesoma vizuri mpaka nilipofika kwenye "njia ya mkato", hapo nikasimama. Kaka Chande, mimi ni mmoja wao. Kabla ya upasuaji nilikula kwa kipimo kikali ili ini lisinyae, maana daktari hupita karibu nalo kufika tumboni. Baada ya hapo ni vimiminika tu, kisha vilivyosagwa laini, kisha vyakula laini, na kila hatua ni wiki. Maji unayanywa kwa vijifundo kutwa nzima, ukipiga bilauri moja kwa pupa kifua kinabana kama kinataka kupasuka. Huruhusiwi kunywa na kula kwa wakati mmoja. Mwezi wa tatu au wa nne nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Vidonge vya vitamini ni vya maisha. Nionyeshe huo mkato uko wapi.

Chande_K
Dada, pole kwa yote hayo. Sikusema hakuna maumivu. Nilisema kuna watu wanakwepa utaratibu wa nyumbani, wanakwenda mahali ambapo mtu analipa leo na kukatwa kesho yake bila kuulizwa chochote. Ndiyo maana yangu.

Kidole_Juu
Mimi nitasema wazi kinachosemwa pembeni. Mtu anafunga mdomo, anatembea, anapungua. Wazee wetu hawakukatwa tumbo. Huu ni uvivu uliovalishwa koti jeupe, halafu bili inaletwa kwangu.

Zuhura_M
Nilikuwa nangoja huyu afike. Kidole, umewahi kupungua kilo nyingi ukazirudisha zote na nyingine juu yake? Mimi nimefanya hivyo tangu ujana. Mwili ukipungua unapandisha njaa na kupunguza matumizi ya nguvu ili urudi ulikotoka, haya si maneno yangu. Sehemu ya tumbo inayoondolewa kwenye upasuaji wa aina yangu, karibu robo tatu au zaidi, ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Kuna utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ukafuatilia watu kwa miaka mingi. Vifo vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa kuliko kwa waliopewa matibabu ya kawaida. Uvivu gani unaorefusha maisha?

Kidole_Juu
Utafiti, utafiti. Na wale waliopooza huko Uturuki mwaka 2023 baada ya kupasuliwa? Huo utafiti hausemwi.

Baharia77
Mkuu, unachanganya mambo. Wale wa 2023 hawakupasuliwa. Walichomwa sindano ya sumu ya botulinumu, ile inayolegeza misuli, kwenye ukuta wa tumbo ili chakula kichelewe kutoka, na baadhi yao walitoka Ujerumani. Ni Istanbul na Izmir. Habari ya kutisha kweli, lakini ni kitu kingine. Ungetaka mfano wa upasuaji wenyewe ungetaja Tijuana, kule Meksiko. Mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Marekani ilitoa onyo baada ya watu kurudi na vidudu sugu visivyosikia hata dawa za mwisho, na wengi wao walikwenda kupunguza uzito.

Kidole_Juu
Basi umenisaidia hoja.

Baharia77
Sijakusaidia. Vidudu sugu haviulizi kama mtu ni mvivu.

Nesi_wa_Usiku
Naomba niingie, nimefanya kazi wodi ya upasuaji muda mrefu na mjadala huu unanikera pande zote. Mnabishana kuhusu tabia za watu wakati kinachoua ni kuchelewa. Mshono wa pini kwenye tumbo unaweza kuvuja siku za mwanzo, na mara nyingine wiki ya pili, mtu ameshatua nyumbani. Dalili ya kwanza mara nyingi si homa. Ni moyo kwenda mbio hata ukiwa umetulia, pumzi fupi, wasiwasi usioeleweka, maumivu yanayopanda bega la kushoto. Mgonjwa anadhani ni uchovu wa safari. Kuna pia damu kuganda mguuni kisha ikapanda kwenye mapafu, na kukaa kwenye kiti cha ndege saa nyingi wiki ileile ya upasuaji kunaongeza hatari hiyo. Mwenye hofu ya kudaiwa atakaa nyumbani siku mbili akijishauri. Siku mbili hizo ndizo tunazozilipia sote baadaye, kaka Chande.

Mama_Tunu
Samahanini naingilia. Mdogo wangu amerudi juzi tu. Mapigo ya moyo kwenye saa yake yanasoma zaidi ya 120 amelala. Joto la mwili liko sawa kwa hiyo tukaona tusubiri kesho. Tumemwandikia daktari wa kule, kasema anywe maji.

Nesi_wa_Usiku
Mama Tunu, msisubiri kesho. Mpeleke hospitali kubwa yenye madaktari wa upasuaji sasa hivi, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba amepunguzwa tumbo na tarehe aliyopasuliwa. Joto kuwa sawa lisiwatulize. Asile wala kunywa mpaka aonwe. Bebeni karatasi zote alizopewa hata kama hamzielewi.

Mama_Tunu
Tunatoka.

Kidole_Juu
Mungu amsimamie. Lakini hii haibadilishi ninachosema. Siku hizi kuna sindano za kila wiki, kisu cha nini?

Zuhura_M
Yaani mtu anakimbizwa hospitali na wewe bado uko na kisu cha nini. Haya, nikujibu. Hizo sindano za semaglutaidi Marekani iliziruhusu kwa ajili ya uzito mwaka 2021, na zinasaidia, siwezi kuzibeza. Ukiacha kuchoma, kilo nyingi zinarudi. Na ukizichoma, wewe huyohuyo utasema ni mkato mwingine. Usipopungua ni mlafi, ukipungua kwa dawa umedanganya, ukipungua kwa kisu ni mvivu. Niambie ni lipi ungelipokea.

Kidole_Juu
Ningepokea nidhamu.

Zuhura_M
Nidhamu ni kula vijiko vichache na kuacha, huku wenzako wanakuuliza mbona huli. Ninayo.

Baharia77
Turudi kidogo kwenye utaratibu wa nyumbani aliousema Chande. Huo utaratibu ndio unaowasukuma watu nje. Kanuni zilizofuatwa tangu 1991 zilitaka BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya 40, au 35 ukiwa na ugonjwa mwingine kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vikashusha, 35 inatosha hata bila ugonjwa. Lakini hospitali nyingi za umma bado zinashikilia ya zamani, na foleni ni ndefu. Mtu anaambiwa arudi akiwa mgonjwa zaidi.

Chande_K
Sawa, nakubali foleni ni tatizo. Ila hoja yangu imemezwa na habari ya uvivu ambayo sikuileta mimi. Naiweka upya. Anayekwenda nje alazimishwe kuwa na bima ya matatizo ya upasuaji na aje na ripoti kamili. Asiye navyo alipie kinachofuata baada ya dharura.

Zuhura_M
Ripoti ninayo. Nilipoipeleka kliniki kuomba kufuatiliwa damu, niliambiwa nirudi kwa aliyenikata. Kwa hiyo mnanidai karatasi ambayo hakuna anayetaka kuisoma? Nilikuwa natapika wiki kadhaa, nikaambiwa ni kawaida, nitazoea.

Nesi_wa_Usiku
Dada Zuhura, hilo si la kuzoea. Kutapika mfululizo baada ya upasuaji huu kunamaliza vitamini B1 mwilini haraka, na ikiisha inaharibu ubongo. Macho yanacheza, mtu anayumba akitembea, kumbukumbu inapotea, na sehemu ya uharibifu huo hairudi. Mbaya zaidi ni pale mtu anapofika amedhoofika akatundikiwa dripu ya glukosi bila kupewa B1 kwanza. Hapo hali inaweza kuporomoka zaidi. Sindano ya B1 ya bei ndogo ingezuia. Ufuatiliaji ndio unapaswa kudaiwa hapa, angalau miaka miwili ya mwanzo, halafu vipimo vya kila mwaka vya chuma, B12, kalsiamu na vitamini D. Kama aliyepasua yuko mbali, lazima mtu wa karibu apokee kazi hiyo.

Chande_K
Na hiyo kazi ya kupokea inalipiwa na nani? Tumerudi palepale.

Nesi_wa_Usiku
Hatujarudi palepale. Umesema dharura bila maswali, na kinachofuata alipe. Mshono uliovuja unatibiwa hivi: bomba la kutoa usaha, wavu wa kuziba tundu kutoka ndani, mrija wa kumlisha wiki nyingi, na pengine kurudi kwenye meza ya upasuaji mara ya pili. Niambie ni siku gani katika hizo dharura imekwisha, nimpe bili.

Chande_K
Siku anayotoka wodi ya wagonjwa mahututi.

Nesi_wa_Usiku
Anatoka akiwa na bomba ubavuni. Asipoweza kulipia mrija wa chakula anarudi mahututi baada ya muda mfupi, na mara hii ni dharura tena, bila maswali.

Mama_Tunu
Amepigwa picha ya CT. Ni uvujaji, anaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari ameuliza aina ya upasuaji aliofanyiwa, na karatasi zote ziko kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma hapa. Kuna anayejua Kituruki?

Baharia77
Nitumie picha za karatasi kwa ujumbe binafsi, nimekaa kule miaka. Anza na ile yenye mihuri.