Waliowahi kupanda basi la watalii Dubai tupeane uzoefu, siku moja inatosha?

Mzigo Mzito: Habari zenu wakuu. Mwezi ujao naenda Dubai kufuata mzigo, ila safari hii naongozana na mama watoto na ameshatangaza harudi Dar bila kuona jiji. Nikishakabidhi vitu kago nabakiwa na siku moja huru. Hotelini wanauza matembezi ya siku nzima, basi, mwongozaji na chakula cha mchana humo humo. Wenye uzoefu mwageni hapa, mazuri na mabaya.

Mama Vitenge: Nilienda na wenzangu wa dukani. Wanakufuata asubuhi vizuri tu, halafu mnaanza kuzunguka hoteli za Deira na Bur Dubai kuokota wengine, yaani mnakuja kuanza matembezi yenyewe jua lishawaka. Msikiti wa Jumeirah mnashuka mnapiga picha nje, huo ndo upo kwenye noti ya zamani ya karatasi ya dirham 500. Burj Al Arab, ile hoteli ya kifahari, unaipigia picha toka ufukweni, ndani huingii hivi hivi bila kubuku. Baada ya hapo ndo mnapelekwa kwenye maduka sasa, zulia, ngozi, manukato, mwongozaji anasema dakika kumi lakini mkikaa saa nzima wala hana haraka maana hapo ndo anapokula yeye. Wakaniletea mkoba wanasema bei maalum kwa wageni wa basi, nikacheka, jana yake nilikuwa nimebeba dazeni kama huo huo Deira kwa bei ya jumla 😂 Wazungu walikuwa wananunua, mi nikaenda kukaa kwenye kiyoyozi.

Chale wa Ilala: Soma karatasi yao vizuri mkuu. Yetu ilikuwa na BURJ KHALIFA kwa herufi kubwa, kumbe maana yake mnashushwa Dubai Mall mkaiangalie toka chini. Kupanda ghorofa ya 124 unajilipia mwenyewe, na tiketi zina saa yake, ya kuelekea machweo ni ghali kuliko ya asubuhi, na ukifika dirishani bila kununua mtandaoni unaweza kukuta saa unayotaka imeisha na basi halikusubiri. Ila nilipanda siku nyingine kwa hela yangu na sijutii, lile jengo ni mita 828, lifti inapanda kama dakika moja tu masikio yanaziba, ukifika juu ile barabara ya Sheikh Zayed na magorofa yake yote iko chini yako, mbele kidogo jangwa.

Binti Malindi (Muscat): Mimi mtu wa Unguja naishi Oman, tunaendaga Dubai kwa gari na familia. Jamani kwani lazima mkimbilie magorofa ya vioo tu? Nendeni Al Fahidi, upande wa Bur Dubai, nyumba za zamani zenye minara ya kunasa upepo, ndo ilikuwa AC yao kabla ya umeme. Ukiingia ndani inua kichwa uangalie dari. Zile boriti ni mikoko ya kwetu, ya Lamu na Rufiji, majahazi yalikuwa yakishuka na kaskazi na kurudi Ghuba na kusi yamepakia boriti, maana kule miti ya kujengea hakuna. Na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndo maana vyumba ni vyembamba virefu kama vya Mji Mkongwe. Mwongozaji wetu alipita haraka akasema "mbao za Afrika" basi, babu yangu mzaa baba alikuwa baharia wa hayo majahazi nikamsimamisha huyo mwongozaji nikawaeleza mimi, wale watalii wakaanza kuniuliza maswali mimi yeye akanuna. Mkitoka hapo shukeni mpaka kwenye hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, mpande abra, zile mashua za kuvusha watu, mvuke kwenda Deira, dirham 1 tu mtu mmoja, mnatokea kwenye soko la viungo na la dhahabu. Kwangu mimi hiyo dirham 1 inaipita siku nzima ya basi.

Mzigo Mzito: Dada umenifungua macho, nimelala Deira miaka yote hiyo na abra naipanda kwenda kuangalia bei ya vitambaa upande wa pili, sijawahi hata kugeuza shingo.

Likoni Boy: Niko huku naendesha gari, abiria wengi ni watalii. Mwezi ujao ni wa saba sio? Boss, joto inapita 40 na unyevu juu yake. Kuna sheria kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba wafanyikazi wanaofanya kazi juani wanapumzishwa saa sita na nusu mpaka saa tisa, sasa wewe umelipa pesa yako kushushwa jua hilo hilo upige picha. Hizo za nje fanyeni asubuhi mapema ama jioni, mchana ingieni mall. Metro inawafikisha hadi Dubai Mall na kuna njia ya ndani yenye AC toka steshoni, lakini msile wala kutafuna chingam ndani, faini ni dirham 100.

Mzigo Mzito: Mama watoto anasoma hapa pembeni, anauliza habari ya Abu Dhabi, ule msikiti mweupe.

Mama Vitenge: Huo ndo basi lina maana, ni mbali, kama kilomita 140. Msikiti wa Sheikh Zayed una kuba 82 na zulia lililofumwa na Wairani, moja tu ukumbi mzima, sio la kuuziwa hilo 😂 Kuingia bure ila mnajisajili mtandaoni kabla. Yeye avae refu lisiloonyesha na mtandio wa kichwa, wewe acha pensi hotelini.

Binti Malindi (Muscat): Na msipange Ijumaa mchana, watalii wanasimamishwa kupisha swala.

Mzigo Mzito: Siku yetu huru ndo Ijumaa yenyewe. Ngoja nimpigie mtu wa kago nione kama anaweza kupokea mzigo siku moja kabla.